Kushtakiwa Sio Kuandamwa

Kila mwanasiasa akifikishwa Milimani kwa kesi ya ufisadi, jioni lazima utamsikia kwenye taarifa: "I am being persecuted!" Wafuasi wanashangilia, wazee wa jamii wanaitisha mkutano, mtangazaji anahamia habari za mvua. Hakuna anayemsahihisha. Buda, neno ulilokuwa unatafuta ni "prosecuted".

Najua mtaniambia tofauti ni silabi moja tu. Ndiyo, lakini hiyo silabi ndiyo kesi yenyewe. "Prosecute" ni kushtaki: kuna hati ya mashtaka, kuna wakili, kuna hakimu, na Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinasema huna hatia mpaka ithibitishwe. "Persecute" ni kumtesa mtu kwa sababu ya kabila, dini au msimamo wake. Huko hakuna hati wala wakili.

Sibishi kwamba maneno haya ni ndugu. Yote mawili yametoka kwa kitenzi cha Kilatini cha kufuata. Hata sisi tuna letu la ukoo huo: kuandama. Madeni yanakuandama, maadui wanakuandama, na watu wakifuatana barabarani, hayo ni maandamano.

Hapo ndipo napandwa na hasira. Juni 2024 vijana waliandamana kupinga Mswada wa Fedha. Kisha wengine wakachukuliwa na watu wasiojitambulisha, wakatiwa kwa magari, familia zikabaki kuzunguka kituo hadi kituo. Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Wazazi walichoomba ni hicho tu: kama mtoto ana kosa, si apelekwe kortini? Yaani, manze, watu walikuwa wanaomba "prosecute" ndiyo waokoke na "persecute".

Halafu mheshimiwa, aliyelipiwa dhamana kabla ya chakula cha mchana na mawakili wanne nyuma yake, anataka neno la hao vijana.

Ndiyo, kuna mashtaka ambayo ni mateso yaliyovalishwa joho. Mkoloni aliwashtaki watu sita Kapenguria, wakahukumiwa 1953, na baadaye shahidi mkuu, Rawson Macharia, akakiri kwamba alidanganya. Basi mheshimiwa naye atuonyeshe shahidi aliyenunuliwa dhidi yake. Kama hana, ajibu swali la hakimu: pesa za zahanati zilienda wapi?