Ndugu Mkimya na Paka wa Uvunguni: Madai Yasiyosimama

Karibu kila ukoo una mtu ambaye jina lake likitajwa, wa kwanza kujibu husema: "Yule? Yule haongei." Baada ya hapo hufuata maneno mengine, na hayo ndiyo ninayotaka kuyajibu, pamoja na yale yanayosemwa juu ya paka na mbwa watulivu. Kosa ni lile lile kote: tunampima mtulivu kwa kipimo cha mchangamfu, wakati anapaswa kupimwa kwa jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa siku zote.

"Ana maringo." Hili husemwa kuliko yote, na ushahidi wake haubadiliki. Akija shughulini hukaa pembeni. Kwenye kundi la ukoo la WhatsApp husoma asijibu. Shangazi akimtania, hutabasamu akanyamaza. Basi mwangalie msibani. Tulipofiwa na babu, Tanga, wachangamfu wetu walikaa chini ya turubai kupokea wageni, na walifanya kazi nzuri, maana msiba unahitaji wasemaji. Binamu yangu mkimya alishika daftari la rambirambi. Aliandika kila jina na kila shilingi kwa mwandiko wake mdogo, na pembeni ya baadhi ya majina akaongeza mambo ambayo hakuna aliyemtuma: huyu ametoka Korogwe, hana pa kulala, huyu ana kisukari, chai yake isitiwe sukari. Usiku watu wakilala, yeye yuko uani anasugua masufuria. Tulipoanua matanga ndugu wakatawanyika, naye akabaki na bibi hadi arobaini. Wakikaa barazani asubuhi nzima, huenda wakabadilishana maneno kumi. Bibi hadi leo humtaja yeye kwanza. Mtu wa maringo hafanyi hayo.

Carl Jung, daktari wa Uswisi, aliandika mwaka 1921 kwamba wapo ambao nafsi zao huelekea nje, kwenye watu na mambo, na wapo ambao zao huelekea ndani. Hakusema kwamba hao wa pili wanachukia watu. Hadhara huwachosha mapema, basi. Ndugu yako akiinuka akaenda chumbani kabla ya pilau kuisha, hajawadharau; amechoka. Ukitaka kujua kama anakupenda, mtazame mkiwa wawili tu.

"Hakulelewa vizuri, hakuzoeshwa watu." Hapa anayebebeshwa lawama ni mama. Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwapima watoto wachanga wa miezi 4: aliwaonyesha vitu vya rangi vinavyoning'inia, akawasikilizisha sauti ngeni, akawanusisha pamba yenye spiriti. Kama mmoja katika kila watano alirusha mikono na miguu akalia. Mtu angetarajia hao ndio wawe wachachari wa mtaa. Ikawa kinyume: ndio walioelekea zaidi, walipokua, kujificha nyuma ya mama mgeni akiingia. Miezi 4 ni michache mno kwa malezi kubeba lawama zote. Malezi yana sehemu yake, ndiyo, kwani Kagan aliona pia watoto ambao woga wao ulipungua, hasa pale wazazi waliposogeza mambo mapya taratibu bila kuwakinga na kila kitu. Lakini kumsimamisha mtoto mbele ya wageni kwa nguvu ili aimbe si taratibu. Huko ni kumwonyesha kwamba woga wake ulikuwa wa haki.

Kwa paka ni vivyo hivyo. Mtafiti Sandra McCune alionyesha mwaka 1995 kwamba watoto wa dume mpole kwa watu huwa jasiri zaidi, na kila mtu anajua dume la paka halilei. Kuna na umri: kati ya wiki ya 2 na ya 7 ndipo paka mdogo anapozoea mkono wa binadamu kwa urahisi. Uliyemwokota sokoni akiwa ameshapita umri huo anaweza kukuzoea, ila kwa miezi, na kwa hatua zake yeye.

"Paka hana mapenzi, anafuata samaki." Asili ya paka ni paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama anayewinda peke yake. Mbwa ametokana na mbwa mwitu waishio kwa kundi, ndiyo maana mbwa hukupokea getini kwa kishindo. Paka hana desturi hiyo. Yeye hulala ukingoni mwa mkeka mkia ukigusa kisigino chako, na ukihamia chumba kingine, baada ya muda utamkuta huko huko. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walionyesha mwaka 2020 kwamba ukimtazama paka kisha ukafumba macho polepole, naye huelekea kufumba yake, na hata mgeni akifanya hivyo hukaribiwa kwa urahisi zaidi. Dennis Turner, huko Zürich, aliona kwamba paka akianza yeye kukusogelea, mnakaa pamoja muda mrefu kuliko ukianza wewe. Kwa hiyo watoto wakimvuta mguu kutoka uvunguni ili "azoee wageni", wazuieni. Wanamfundisha kwamba hata uvungu si salama.

"Mbwa asiyebweka hana kazi." Waulizeni wawindaji wa misitu ya Kongo. Mbwa wao wa asili, anayejulikana duniani kwa jina la Basenji, habweki kama mbwa wengine, na wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni ili wajue yuko wapi kichakani. Amewindia watu vizazi na vizazi.

"Mkimya hafiki mbali." Inategemea nani amepanga njia. Xinyin Chen na wenzake waliwalinganisha watoto wa shule wa Shanghai wa miaka tofauti. Mwaka 1990, watoto wenye haya walipendwa na wenzao na kusifiwa na walimu. Kufikia 2002, jiji likiwa limeingia kwenye uchumi wa soko na ushindani, watoto wa namna ile ile walikuwa wakikataliwa. Haya ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kile ambacho watu wazima waliamua kukisifu.

Wanaosema mkimya ana jini sina mengi ya kuwaambia, ila wasimpeleke popote kabla ya kumuuliza mwenyewe.

Limebaki dai moja, nalo hutoka kwetu sisi tunaowatetea: "Ndivyo alivyo, mwacheni." Hili ndilo ninaloliogopa zaidi. Ukimya wa kuzaliwa nao ni tabia. Ukimya ulioingia juzi ni dalili. Aliyekuwa anakuja akakaa pembeni, sasa haji kabisa. Aliyependa kusoma, vitabu havigusi. Halali, hali vizuri, na hali hiyo imepita wiki mbili. Hiyo huenda ni sonona, na sonona ina matibabu hospitalini.

Wanyama nao huficha maumivu. Paka aliyekuwa akija miguuni akianza kujificha ghafla, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Dume linalochuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo linaweza kufa ndani ya siku chache. Na mbwa mchangamfu akipoa ghafla, taya ikalegea na mate yakamtoka, usimtie mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na mfupa. Kichaa cha mbwa hakiji kwa ukali tu. Kipo kinachoanza kwa unyonge na kupooza. Mfungie mbali na watoto, mwite afisa mifugo. Aliyegusana na mate yake kwenye jeraha, au aliyeumwa, aoshe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo.

Kama katika ukoo wenu kuna mkimya ambaye ukimya wake umebadilika mwaka huu, usimuulize kwenye kundi la WhatsApp wala mbele ya wageni. Mtafute wiki hii, mkae wawili, na umpe muda wa kujibu.