Uzito ni wako, programu inajumlisha tu

Ndugu zetu mlio ughaibuni, siku hizi wengi wetu tukitaka kuamua hela ya akiba iende wapi, tunafungua programu ya kulinganisha machaguo. Unaandika vigezo, unavipa uzito, unatoa alama, yenyewe inakutajia mshindi. Sisi tunaziunga mkono, ila kwa sharti: usimdanganye anayekupigia hesabu.

Juzi hapa Muscat tulikaa na mwenzetu aliyekuwa anachagua kati ya bajaji na hati fungani za serikali. Tulitumia jedwali la Excel tu. Mapato akayapa uzito wa asilimia 70, usalama wa mtaji 20, urahisi wa kusimamia akiwa mbali 10. Kwa mpangilio huohuo, bajaji akaipa alama 9, 4 na 2. Hati fungani 5, 9 na 9. Bajaji ikashinda, 7.3 kwa 6.2. Tayari anataka kumpigia mdogo wake!

Tukamuuliza: ile bajaji ya kwanza iliishia wapi? Kimya. Tukaomba apange uzito upya: 40, 30, 30. Hati fungani 7.4, bajaji 5.4. Alama hazikuguswa hata moja. Kilichobadilika ni kwamba sasa alikubali yuko mbali.

Programu zinazotumia mbinu ya AHP, aliyoibuni Thomas Saaty miaka ya 1970, zinasaidia zaidi. Zinakulinganishia vigezo viwili viwili kwa kipimo cha 1 hadi 9, kisha zinakagua kama majibu yanapingana. Ukisema usalama unazidi mapato, mapato yanazidi usimamizi, halafu usimamizi unazidi usalama, kiwango cha mkanganyiko kinapita 0.10 na unaambiwa urudi ukafikiri. Lakini uongo uliopangwa vizuri unapita palepale.

Kwa hiyo, jamani, andikeni uzito kabla ya kutoa alama, na muwatumie walioko nyumbani wauone, maana wao ndio watakaoshika hiyo hela. Kisha sogeza asilimia 10 kutoka kigezo kimoja kwenda kingine. Mshindi akibadilika, usitume kwanza, bado hujaamua. Hela ya jasho haitumwi eti kwa sababu jedwali limesema.