Tuanze na Amri, Vitufe Baadaye



Kwenye mkutano wetu uliopita ilipita hoja kwamba darasa la Jumamosi, lile la mitandao ya kompyuta, lifundishe swichi kwa ukurasa wa vitufe tu, eti kuandika amri ni mambo ya kizamani. Mimi sikubaliani.

Mwaka jana nilipata kibarua cha mitandao kwenye chuo kimoja hapa (afadhali kuliko kubeba maboksi, jamani). Nikatumwa kuongeza VLAN 30 kwenye waya mkuu unaounganisha swichi ya bweni na jengo kuu. Nikakaa ofisini, nikaingia kwenye swichi ile kwa mbali, nikaandika "switchport trunk allowed vlan 30", nikabonyeza Enta kwa madaha. Kumbe nimesahau neno moja, "add". Bila neno hilo swichi ya Cisco haiongezi kitu: inafuta orodha yote ya zamani na kubakiza hiyo 30 peke yake. Bweni zima likakosa intaneti, na mimi nikakatika, maana nilikuwa nimepita njia hiyo hiyo.

Sasa fungua huo ukurasa wa vitufe! Haufunguki, nao unategemea mtandao ule ule. Bosi akachukua laptopu na kebo ya konsoli, akaenda bwenini, akaichomeka kwenye swichi yenyewe. Bahati nzuri sikuwa nimehifadhi. Akaandika "show startup-config", akaisoma orodha ya zamani, akairudisha pamoja na 30. Halafu akanifundisha: kabla ya kugusa swichi ya mbali, andika "reload in 10". Ukijikatia njia, baada ya dakika 10 itajiwasha upya na mipangilio iliyohifadhiwa. Mambo yakiwa shwari, "reload cancel", kisha "copy running-config startup-config".

Vitufe vina kazi yake, sikatai. Kutazama poti ipi inafanya kazi ni rahisi mno. Ila wengi wetu tunarudi nyumbani, ambako umeme hukatika bila hodi. Usipohifadhi, kazi yako ya kutwa nzima inaondoka na umeme, na utailaumu swichi bure.

Naomba mfuko wa sherehe utoe hela ya swichi moja iliyokwishatumika, na kebo yake ya konsoli. Jumamosi mbili za kwanza nitafundisha mwenyewe, kuanzia na lile kosa langu la "add".