KISHONA-NGUO SI GUGU TUPU

Nani kati yetu hajawahi kubandua mbegu nyeusi za kishona-nguo kwenye soksi baada ya kukatiza nyasini? Ndilo lile gugu lenye ua dogo la manjano, ambalo Wakikuyu huliita muceege na Wajaluo onyiego. Sisi hulikumbuka siku ya adhabu tu, fyekeo mkononi!

Muhula uliopita tulikuwa tukifyeka nyuma ya bweni, mwenzetu akajikata mguu. Nilichuma majani ya kishona-nguo, nikayafikicha, nikakamulia maji yake kidondani kama nyanya alivyonifunza shambani. Damu ikapungua. Wenzangu wakaangua kicheko, "Wee mganga!"

Naam, baadaye alipelekwa zahanati, akaoshwa kidonda na kudungwa sindano ya pepopunda. Ilikuwa lazima, maana jani halizuii pepopunda. Lakini kicheko kile kiliniuma.

Kwani nyanya alikosea wapi? Majani hayo yakiwa machanga yeye huyapika mboga. Watafiti nao wameyapima katika maabara, wakaona yanazuia baadhi ya bakteria kukua. Sisemi eti yanatibu kila kitu. Nasema yafaa kuchunguzwa, si kuchekwa.

Hebu tazameni Uchina. Tu Youyou alisoma maelekezo ya Ge Hong, aliyeandika katika karne ya 4 kuhusu mmea wa kutibu homa. Mmea huo ukatoa dawa ya malaria, naye akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015. Je, Ge Hong asingeandika?

Hapa kwetu, Profesa John Kokwaro alitoa kitabu kuhusu mimea ya dawa ya Afrika Mashariki mwaka wa 1976. Ni kazi kubwa, ila ni ya Kiingereza. Nyanya akisomewa hawezi kusema, "Hapo si hivyo, mjukuu wangu."

Basi naomba hivi: likizo hii kila mwanachama aandike, kwa Kiswahili, mimea mitatu aliyofunzwa nyumbani. Ataje jina, sehemu inayotumika na hatari yake. Tuikusanye iwe daftari moja, walimu wetu wa Bayolojia walikague, likae maktabani.

Nyanya yangu amezeeka, na hajui kuandika. Mimi najua. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.