UPENDELEO TUSIOUTOLEA JASHO



Katika mkutano wa tawi uliopita lililetwa pendekezo kuwa nusu ya wajumbe wa kamati wawe wanawake. Akasimama mwenzetu mmoja, akalipinga kwa hamaki. Alisema kuwa kiti chake amekipata kwa jasho lake, wala hakupendelewa na mtu. Makofi yakarindima. Waliopiga makofi hayo ni wanaume waliokaa vitini. Wanawake walikuwa uani, wakitupikia chai ya mkutano.

Hatusemi kuwa mwenzetu ni mwongo. Jasho alilitoa. Lakini suala silo hilo. Suala ni nani aliyefunguliwa mlango na nani aliyefungiwa, kabla jasho halijaanza kutoka.

Yuko mtu mwengine ambaye angeweza kusema maneno hayo hayo, nasi tusingempigia makofi. Huko Bara, katika Nyanda za Juu za Kusini, iko wilaya ya Chunya. Dhahabu ya Lupa ilipovuma katika miaka ya 1930, Wazungu walimiminika huko. Walilala mahemani, waliugua homa, na wengine walifilisika. Jasho walilitoa. Lakini hati za kuchimba, karibu zote, zilikuwa mikononi mwa wageni. Mwafrika mwenye nchi alishika sururu kwa ujira mdogo, akachimba dhahabu ya ardhi ya babu zake na kumkabidhi tajiri. Mzungu yule alipokaa usiku kupiga hesabu ya mali yake, alizihesabu taabu zake zote. Ngozi yake hakuitia hesabuni.

Hivyo ndivyo upendeleo ulivyo: aliye nao hauoni. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926, na Mwafrika hakuingia humo mpaka mwaka 1945. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mzungu mmoja, Mwasia mmoja na Mwafrika mmoja. Wazungu kiasi cha 20,000 wakapata viti sawasawa na Waafrika waliozidi milioni 8, na mambo hayo yakaitwa usawa!

Na hapa kwetu Unguja je? Baraza letu nalo lilianza mwaka 1926, na Mwafrika wa kwanza aliingia mwaka 1946. Wakati wa Vita Kuu ya Pili chakula cha mgao kiligawanywa kwa kufuata kabila: huyu mchele, yule unga wa mahindi. Aliyepewa mchele hakujiona amependelewa. Alijiona amepata chakula chake cha kila siku. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Wazee wetu waliikataa dhulma hiyo, na haki ilikuwa yao. Lakini Julai 1957, Visiwa hivi vilipopiga kura kwa mara ya kwanza, sheria iliwaruhusu wanaume peke yao. Twauliza: ni wangapi kati ya waliolaani ubaguzi wa rangi walioiona dhulma hiyo nyengine, iliyokuwa imekaa nao nyumbani?

Turudi Chunya, tuitazame ya leo. Mkoloni amekwenda zake. Leseni ndogo ya kuchimba hapewi ila raia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, na tangu 1997 wanawake wachimbaji wana chama chao, TAWOMA. Juu ya hayo yote, katika machimbo mengi ya wachimbaji wadogo nchini ungaliko uzushi kuwa mwanamke akishuka duarani dhahabu hukimbia. Basi yeye huponda mawe, huosha mchanga mwaloni, huuza wali na maharage. Mwenye duara, mara nyingi, ni mwanamume. Dhahabu haina macho ya kumtambua mwanamke. Mwenye macho ni yule anayefaidika na uzushi huo.

Watasema kuwa kwetu huo si ubaguzi bali ni mila. Mkoloni naye aliuita ubaguzi wake ustaarabu. Watasema tungoje, kwanza chama kishinde. La hasha! Anayedai haki kwa serikali huku akiinyima nyumbani kwake hadai haki. Anadai zamu yake.

Hatumtaki mtu aone haya kwa kuzaliwa mwanamume. Hakuna aliyejichagulia umbo wala rangi. Lakini aibu ipo kwa anayeonyeshwa mlango uliofungwa, akauegemea kwa mgongo wake.

Pendekezo litarudi mezani katika mkutano ujao. Wanachama wanawake waingie ndani tangu dua ya kufungulia, wakae mbele, wapige kura. Chai ya siku hiyo tutaipika sisi wanaume.