Deni Langu Msinifutie

Juzi kwenye grupu yetu ya WhatsApp ya waliomaliza chuo pamoja, mmoja wetu, daktari, aliandika: serikali ifute deni la HELB kwa kila mtu. Makofi yakamiminika. Mimi nikanyamaza, kwa sababu wengi waliopiga makofi nawajua. Wana magari. Mwenye hoja alikuwa ametoka Diani wiki hiyo hiyo.

Nami siwasemi kutoka pembeni. Naandika programu za kompyuta na nalipwa vizuri. Nilikopa elfu arobaini kwa mwaka, miaka minne, jumla 160,000. Riba ni asilimia 4. Niambieni benki gani hapa Nairobi itakupa pesa kwa riba hiyo, ukiwa na miaka kumi na tisa na huna hata kuku wa dhamana.

Sheria iliyoanzisha HELB mwaka 1995 ilikusudia pesa izunguke: ninacholipa leo kimkopeshe mtoto wa Kitui kesho. Sasa mkinisamehe mimi, mnanisamehe kwa mfuko wa nani? Kuna mwanafunzi mahali anakunywa chai kavu akingojea hizo hela.

Mtasema wanasiasa wanaiba mabilioni. Kweli, wanaiba. Lakini jirani akiiba ng'ombe, hiyo si ruhusa yako ya kubeba mbuzi.

Msamaha naujua unakostahili kwenda. Tuliyelala naye chumba kimoja hosteli anauza mitumba Gikomba. Digrii anayo, payslip hajawahi kuiona. Kwa mtu kama yeye sheria ni kali: mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo uanze kulipa, la sivyo faini ya 5,000 kila mwezi. Piga hesabu. Kwa deni kama langu, miezi 32 tu na faini imelifikia deni lenyewe. Anaadhibiwa kwa kukosa kazi, bana! Na punguzo la faini likitangazwa kwa wanaolipa kwa mkupuo, linamfaa nani? Mwenye mkupuo.

Kwa hivyo tusidai kufutiwa wote. Tudai faini isimguse asiye na kipato, na aliye nacho alipe.

Daktari, wewe lipa. Ukimaliza, njoo tuandike barua kwa mbunge wetu kuhusu beste yetu wa Gikomba. Hiyo nitaipigia makofi.