Utalii wa kujitolea: Je, mwenyeji anapona?

Na Mwandishi Wetu

KILA ifikapo Juni hadi Oktoba, mji wa Moshi hupokea mamia ya vijana kutoka Ulaya na Marekani, mabegi makubwa mgongoni. Wengi wamefuata Mlima Kilimanjaro wenye urefu wa mita 5,895. Lakini wapo ambao, kabla ya kupanda au baada ya kushuka, hutumia wiki mbili tatu kufundisha Kiingereza, kupaka rangi madarasa au kucheza na watoto katika vituo vya kulelea yatima.

Nia yao ni njema, na fedha wanazoacha zinasaidia. Swali la kujiuliza ni je, kazi hiyo imeombwa na nani?

Kujitolea kwa wageni si jambo jipya nchini. Mwaka 1961, shirika la Marekani la Peace Corps, lililoanzishwa mwaka huo huo na Rais John Kennedy, lilileta Tanganyika wapima ardhi na wahandisi wa barabara. Hao walikuja kufanya kazi iliyoombwa na Serikali, wakiwa na ujuzi, na kwa muda wa kutosha. Leo mambo yamegeuka. Msafiri hulipa wakala, huchagua kazi aipendayo, na ratiba hupangwa kwa kufuata likizo yake.

Athari huonekana zaidi kwa watoto. Mtoto anayemzoea mlezi mpya leo na kuagana naye baada ya wiki mbili huumia kila mara. Kibaya zaidi, wageni wakiwa chanzo cha mapato, wapo wenye vituo wanaoshawishika kukusanya hata watoto wenye wazazi. Kwa kuhofia biashara ya namna hiyo, Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya vya watoto Novemba 2017. Desemba 2019, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo lilipitisha azimio lililogusia madhara ya watu kujitolea katika vituo vya yatima.

Hii haina maana kwamba mgeni afungiwe mlango. La hasha! Daktari au mwalimu wa walimu anayekuja kwa mwaliko, akiwa na kibali stahiki cha kujitolea badala ya viza ya utalii pekee, ana mchango mkubwa. Lakini ukuta wa darasa unaweza kupakwa rangi na fundi wa Moshi, naye akapata ujira wa kulisha familia.

Hapo ndipo penye kitendawili. Mgeni huyo anayetafuta mtu wa kumsaidia anaye tayari jirani yake: mpagazi aliyembebea mzigo mlimani. Kanuni zimeweka kikomo cha kilo 20 kwa kila mpagazi, na tangu mwaka 2003 upo mradi mjini Moshi unaotetea ujira, mavazi ya baridi na chakula chao. Msafiri akichagua kampuni inayowalipa wapagazi ipasavyo, atakuwa amesaidia kaya nyingi bila kushika brashi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ili mwenyeji apone kweli, ni lazima aulizwe kwanza anaumwa wapi. Jukumu hilo ni la mamlaka zinazotoa vibali, na la sisi wenyewe tunaofungua milango.